Wifi Tochi na Mashine Iliyonyamaza

Ukimtafuta wifi yangu saa za kazi, usitafute uso. Tafuta miguu. Miguu yake hutokeza nyuma ya friji la mtu, chini ya feni iliyofumuliwa, kando ya jiko la umeme lililolazwa ubavu, na ukipiga hodi, miguu ndiyo itakayokujibu kwanza kwa kutikisa vidole. Uso unafuata baadaye, una masizi puani na tochi imefungwa kipajini kwa mpira wa nguo. Mpira huo niliushona mimi, kwa hiyo nina haki ya kuusema. Mtaa mzima unamwita Tochi. Hata kaka yangu aliyemwoa, akipiga simu kutoka safarini na lori lake, haulizi kama mkewe hajambo. Anauliza, "Tochi inawaka?"

Nasimulia habari zake kwa sababu kuna watu wanazisimulia vibaya, na mimi nikisikia jambo linasimuliwa vibaya mdomo wangu hauna breki. Eti aliifufua mashine ya baba yetu kwa bahati. Bahati gani hiyo inayolala chali kwenye sakafu ya saruji wiki nzima? Mimi nilikuwepo. Cherehani yangu iko karibu na pale, na macho yangu yanajua kushona huku yanafuatilia mambo ya watu.

Kwanza mlijue duka letu. Ni chumba kimoja kirefu chenye milango ya mbao inayokunjwa. Dirishani, penye mwanga mzuri, anakaa Baba na cherehani yake ya miguu, ile aliyoanzia kazi. Nyuma yake niko mimi. Ukutani kuna majora ya vitambaa, kioo kirefu chenye ufa chini, na pazia la kujaribia nguo ambalo halijawahi kufunga vizuri. Chumba cha pembeni, kilichokuwa stoo, ndiyo karakana ya wifi. Na katikati, ukiingia tu, kabla hujafika kwenye meza ya kukatia, imesimama mashine.

Ni mashine ya mchezo wa gololi, ya zamani, ya enzi ambazo vitu hivi viliendeshwa kwa koili na sumaku tupu, hakuna kompyuta ndani. Ni meza iliyoinama, ina kioo juu na kichwa kikubwa cha taa na namba upande wa mbele. Unavuta fimbo yenye springi, unaiachia, gololi ya chuma inapanda mbio, inagonga vile vidude vya duara tunavyoviita uyoga, vinairusha huku na huku, kengele zinalia, namba zinapanda. Kazi yako ni kuizuia isizame shimoni chini, kwa mikono miwili midogo unayoipigisha kwa vitufe vya ubavuni. Ukizidiwa na tamaa ukaitikisa meza ili gololi ikufuate, inazima taa zote za kichwani na kukukatia mchezo. Sisi tulisema imenuna.

Baba aliipata wakati klabu ya wafanyakazi wa reli ilipofungwa. Alikuwa amewashonea sare, wakamwambia achague kitu kimoja humo ndani kabla milango haijapigwa kufuli. Wengine walioruhusiwa walichagua viti na makabati. Yeye akaja nyumbani na mashine ya gololi juu ya mkokoteni. Marehemu mama alimnunia kutwa nzima, kisha jioni akajaribu kucheza mara moja tu, aone upuuzi wenyewe ukoje, na kuanzia hapo sisi watoto tukawa tunangoja zamu nyuma yake.

Mashine ile ndiyo iliyolipa duka jina. Mteja akingoja suruali ipunguzwe kiuno, anacheza. Akingoja vifungo, anacheza. Kengele zake zilisikika mpaka kwa muuza vyombo ng'ambo ya barabara, na watu wakaacha kusema wanakwenda kwa fundi nguo, wakasema wanakwenda Kwa Kengele. Baba alipiga mluzi akishona, na mluzi wake ulifuata zile kengele. Nilidhani baba wote duniani hupiga mluzi wa namna hiyo.

Halafu ikaanza kuumwa. Namba zikawa zinapanda kwa kujivuta. Uyoga mmoja ukawa unapiga leo, kesho unakataa. Mkono wa kushoto ukipanda haushuki. Baba alimwita fundi redio wa mtaa wa pili, akaifungua, akachokora, akaifunga, ikafanya kazi siku chache kisha ikatoa moshi mwembamba na harufu ya kuungua. Baba akachomoa waya, akaifunika kwa shuka la mistari. Na mluzi ukaisha. Duka likawa kimya na mimi nikawa nasikia sindano yangu ikitoboa kitambaa, sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo.

Hapo ndipo tulipoagiza mashine ya kutarizi, kubwa kama kitanda cha mtoto, na ikahitaji mahali. Asubuhi moja Baba akatangaza mbele ya wateja, huku anatazama barabarani.

"Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kuichukua ile mashine. Kama imekufa, izikwe. Sitaki maiti dukani kwangu."

Namjua baba yangu. Akisema jambo kwa ukali namna ile, ujue linamchoma. Niliinamisha kichwa nikashona. Lakini kwenye chumba cha pembeni miguu ikatoka chini ya friji, mwili ukafuata, na wifi akasimama mlangoni anajifuta mikono.

"Baba, nipe mimi niitazame."

Sasa hapa inabidi niseme jambo la ndani. Kwa Baba, katika duka lile, fundi ni mmoja tu, naye ni yeye. Mimi nimekaa kwenye cherehani tangu miguu yangu haijafika chini vizuri, nimeshona makoti ya harusi ya watu waliokwisha kuwa na wajukuu, na Baba hajawahi kuniita fundi. Mimi ni binti wa Fundi, basi. Na wifi, ambaye nusu ya pasi za mtaa huu zinapumua kwa sababu yake, Baba alimwambia kila mteja kwamba mke wa mwanawe anauza balbu. Rafu ya balbu ni kweli ipo, karibu na mlango. Lakini kumwita Tochi muuza balbu ni sawa na kuniita mimi muuza vifungo.

"Wewe mwanangu una balbu zako za kuuza," Baba alimjibu, kwa upole kabisa. Upole huo ndio uliokera.

Wifi hakukasirika. Yule akikasirika anakuwa mtulivu kuliko kawaida, na mimi nimejifunza kumwogopa akitulia. "Basi nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Isipolia, nitamsaidia mnunuzi kuipakia kwa mikono yangu mwenyewe. Na kuanzia siku hiyo kweli mimi ni muuza balbu, nitaibandika kwenye mlango kwa herufi kubwa."

Wateja walicheka. Baba hakucheka. Alisema, "Haya," akarudi kwenye cherehani yake, na mimi nikaingiwa na hofu, kwa sababu hayo maneno yalikuwa yameshasikika na mtaa wetu hausahau.

Siku ya kwanza hakugusa kitu. Aliondoa shuka, akatoa kioo, akainua ile meza ikasimama kama kifuniko cha sanduku, na ndani kukawa na nyaya. Nimezoea nyuzi, nimezoea majora yaliyofumuka, lakini vile sijawahi kuona. Nyaya za kila rangi zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi uliotiwa nta, na kila pembe koili, na kila koili ina rundo la ndimi nyembamba za shaba, kila ulimi una nukta ya fedha nchani. Ndimi mbili zikigusana umeme unapita, zikiachana unakatika. Mashine nzima ni hiyo tu, ndimi kugusana na kuachana. Yeye akavuta kigoda, akakaa, akatazama.

"Wifi, unaitengeneza au unaiposa?" nilimuuliza.

"Namtazama aliyenitangulia alifanya nini."

Aliyemtangulia alikuwa amefanya maajabu. Mahali pa fyuzi, ambayo kazi yake ni kukatika mapema ili vingine vipone, alikuwa amefunga kipande cha waya mnene. Waya ule haukatiki hata ukiutukana. Kwa hiyo mashine ilipopata shida, badala ya fyuzi kufa ikafa koili, ndiyo ule moshi. Wifi aliutoa kwa koleo, akauweka kwenye sinia lake, akasonya msonyo mrefu wenye kona. Mambo ya fyuzi ndiyo pekee yanayomfanya asonye.

Lile sinia lazima nilieleze. Ni la bati, lina maua yaliyofutika. Kila anachokitoa kwenye mali ya mteja anakiweka humo, na siku ya kukabidhi, kabla hajawasha, anampa mteja sinia ashike. Huyu ndiye aliyekuwa anakuulia redio, huyu mende. Huu ndio waya uliokuwa unakupiga shoti. Hamruhusu mtu aondoke bila kujua ubaya ulikuwa wapi na ulitoka kwa nani. Baba hakupenda kabisa tabia hiyo. "Mimi sijawahi kumwonyesha mteja sindano iliyovunjikia ndani ya koti lake," alikuwa akisema. Wifi anajibu kwamba koti haliunguzi nyumba.

Alitia fyuzi ya kweli, akatoa koili iliyoungua, akasokota nyingine kwa waya mwembamba, anahesabu mizunguko kwa midomo bila sauti, na ole wako umsemeshe hapo. Siku iliyofuata akachomeka umeme, akabonyeza kitufe cha kuanza.

Ukibonyeza kitufe hicho, magurudumu ya namba kichwani hurudi kwenye sifuri kwanza, yote, na mashine haikupi gololi mpaka yote yafike. Basi mota ikaanza kuzunguka, magurudumu yakaruka tak, tak, tak. La kwanza sifuri. La pili sifuri. La tatu likafika kwenye saba likagoma. Mota inazunguka, inaliomba, tak, tak, nalo limekaa kwenye saba kama mgeni asiyejua kuaga. Wifi akachomoa waya kabla koili haijapata moto.

"Saba ina nini?" nikauliza.

"Saba haina kosa. Kuna kitu kinamshika miguu."

Kila gurudumu lina kijiti cha chuma ndani ya koili. Umeme ukija, kijiti kinavutwa ndani, ukikatika, springi inakirudisha, na gurudumu linasogea namba moja. Kijiti cha gurudumu lile kilikuwa kinaingia lakini hakirudi. Alikichomoa taratibu. Kilitoka kimejipaka uji mweusi mzito, unanata kama ulimbo. Alikisafisha kwa spiriti, akakirudisha, akabonyeza tena. Saba, nane, tisa, sifuri. Na gololi ikatoka yenyewe ikajiviringisha mpaka kwenye fimbo.

Nilisimama, nimesahau nina koti la watu mapajani, likaanguka. Nilidhani kazi imekwisha. Wifi akavuta fimbo, gololi ikapanda, ikagonga uyoga wa kwanza, na uyoga ukabaki umeshuka, umenyamaza. Wa pili vilevile. Mkono wa kushoto ukapanda ukakaa huko huko juu. Gololi ikashuka zake polepole, hakuna kengele hata moja, ikazama. Ile ilikuwa mbaya kuliko moshi.

Akarudi chini. Alifungua uyoga wa kwanza, uji mweusi. Wa pili, uji mweusi. Kengele, uji mweusi. Zile ndimi za shaba, safu baada ya safu, zimepakwa, na mafuta yamepikwa na cheche za umeme mpaka yakawa ngozi nyeusi juu ya zile nukta za fedha. Alikaa akajifuta uso na kujipaka zaidi.

"Hii si hitilafu," alisema. "Hitilafu inakaa mahali pamoja. Hii ni tabia. Kuna mtu amekuwa akiipaka mafuta miaka na miaka, kila mahali, kwa uangalifu kabisa. Hakuacha hata pembe moja."

Kisha akanusa kitambaa alichofutia. Akakinyoosha kwangu bila kunitazama. "Wifi, hebu nusa."

Sikuhitaji kukisogeza puani. Mchaichai. Mafuta ya cherehani yana harufu yake, lakini hakuna mtu mwingine anayetia mchaichai humo ila Baba. Anachemsha majani, anachuja, anatia matone kwenye kopo lake la mdomo mrefu, eti vitambaa vya wateja visinuke karakana. Na kila Ijumaa mchana, tangu nipate akili, anazunguka na lile kopo: cherehani yake, cherehani yangu, bawaba za mlango, na mwisho kabisa, kwa heshima, anainua kioo cha mashine ya gololi na kuipa yake. Mafuta ni uhai wa cherehani. Baba alijua hivyo, akaipa mashine aliyoipenda kile kilichokuwa bora mkononi mwake. Hata baada ya kuifunika shuka, aliendelea kuipa.

"Mwambie ni vumbi," nilisema.

"Vumbi halinuki mchaichai."

"Tochi, yule ni mkwe wako. Usimtie aibu mzee wa watu mbele ya mtaa. Isafishe, iwashe, mwambie vumbi, dunia iendelee."

"Na Ijumaa itakayofuata?"

Ijumaa itakayofuata angekuja na kopo lake, na mashine ingeanza kufa upya, na mara ya pili hakuna ambaye angempa wifi muda. Nilijua ana haki na ndiyo maana nilikasirika. Nilimwambia ana roho ya chuma. Nilimwambia mwingine angejua kumtunza mzee, angetafuta maneno ya kumtuliza.

"Mimi sijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa," alijibu, "tena mafuta yenyewe ni yake." Kisha akacheka kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, nimemkasirikia vilevile.

Basi ikawa kusafisha. Spiriti, mswaki wa meno, na vipande vya ile karatasi ngumu ninayotia ndani ya kola za mashati. Aliniibia karibu zote. Anachomeka kipande kati ya ndimi mbili, anazibana kidogo kwa vidole, anakivuta, kinatoka na mstari mweusi. Tena, mpaka kitoke cheupe. Nikamuuliza kwa nini asitumie msasa amalize mapema, akanitazama kama nimemshauri apige pasi hariri kwa moto wa juu. Msasa unakula fedha, alisema, ukimaliza fedha umemaliza mashine. Hilo nililielewa vizuri. Siku zilikwenda, na kila kipande cheusi kilikwenda kwenye sinia.

Ijumaa mchana kazi ilikuwa imebaki upande wa kengele tu. Mimi nilikuwa nimesahau siku. Nikasikia lile kopo, kwik, kwik, kwenye cherehani ya dirishani. Kisha kwangu. Kisha kwenye bawaba. Kisha Baba akasimama mbele ya mashine iliyofunguka tumbo, safi kuliko ilivyowahi kuwa, akainamisha mdomo wa kopo.

"Ngoja niisaidie kidogo," alisema.

Wifi alikuwa chini. Mkono wake ukapanda kutoka ndani ya nyaya ukafunika mahali pale. "Baba, leo usiipe."

"Naipa tangu wewe hujazaliwa."

"Najua, Baba. Leo tu."

Uso wa Baba ukaanza kubadilika. Nilitazama kazi iliyokuwa mkononi mwangu, koti zuri la mwalimu, na nikafanya jambo ambalo fundi yeyote akilisikia atalia. Nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia. Mshono mzima, makusudi. "Baba," nikaita, "njoo unitazamie hapa, naona kama nimechanganya."

Alikuja. Alitazama. Aliacha kopo juu ya meza yangu ili ashike koti kwa mikono miwili, na hotuba aliyonipa siku hiyo nimeikariri mpaka leo. Niliila yote. Baadaye, Baba alipokwenda kunawa, wifi alitoa kichwa chini ya mashine akanitazama.

"Kwa nini usimwambie sasa hivi yaishe?" nilimnong'oneza. "Umenifanya niharibu koti la watu."

"Nikimwambia leo ikiwa bado kimya, nitakuwa namlaumu. Nikimwambia kesho ikiwa inalia, nitakuwa namweleza."

Nilifumua ule mkono wa koti bila kinyongo. Tangu dakika ile nilijua huyu mwanamke ametoka kwenye nyumba yenye watu, na nikajivunia kwamba ameingia kwetu.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika mapema na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Wateja nao walikuwa wamejaa, wengine hata hawakuwa na nguo ya kushona. Wifi alikuwa amefunga kioo, ameingiza waya ukutani, na taa ndogo za kichwani zilikuwa zimewaka, rangi ya chai nyepesi. Alikuwa amegeuka kuchukua sinia lake. Na yule mnunuzi, kwa kiherehere chake, akaisogelea mashine, akaikumbatia ubavuni, akaitikisa kwa nguvu apime uzito.

Tak. Taa zote zikazima.

"Mmeona wenyewe," mnunuzi alisema. "Hii tuipakie tu."

Nilimtazama wifi, naye amesimama na sinia mikononi. Nilitamani kumrukia yule bwana na mkasi wangu. Halafu nikamwona Baba. Alikuwa amesimama kutoka dirishani, shingo ameinyoosha, anatazama zile taa zilizozimika, na mdomo wake ukaanza kutabasamu.

"Iache," alisema. "Hiyo haikufa. Imenuna."

Kweli. Mashine iliyokufa hainuni. Ili inune lazima umeme upite humo ndani, kwenye kila ulimi, mpaka mahali panapohisi kutikiswa. Baba alilijua hilo kuliko sisi sote, na hakuwa amelitamka neno lile muda mrefu sana.

"Ibembeleze, Baba," wifi alisema.

Baba akasogea akabonyeza kitufe. Mota ikaamka. Magurudumu yakaruka, sifuri, sifuri, na lile la tatu likafika kwenye saba. Nane. Tisa. Sifuri. Gololi ikatoka. Baba akavuta fimbo kwa vidole viwili kama alivyokuwa akivuta zamani, akaiachia, na kengele zikaanza kulia, zote, ya juu na ya kati na ile nene ya chini. Muuza vyombo akatoka dukani kwake ng'ambo akapunga mkono. Mimi nililia waziwazi. Sioni haya kusema.

Ilipozama gololi ya mwisho Baba aligeuka, anahema, kijana mtupu. "Haya," alisema. "Ni nini kilichokuwa kinaiua?"

Nikafumba macho. Wifi akapiga goti kidogo kama anavyofanya akimsalimu asubuhi, akamnyooshea sinia kwa mikono miwili. Juu yake kulikuwa na waya wa yule fundi redio, koili iliyoungua, na rundo la vipande vyangu vya kola, vyeusi, na kile kitambaa.

"Waya huu ulikosesha fyuzi kazi yake, Baba. Hivi vingine ni mafuta. Mashine hii ni ya kugusana, haitaki mafuta. Yanaiziba."

Hakusema mafuta ya nani. Lakini Baba aliinua kitambaa, na pua yake ni ya fundi. Nilimwona anapofika kwenye mchaichai. Mabega yalishuka. Alitazama mashine, akatazama kitambaa, akatazama cherehani yake, na watu wote wakaanza kuchunguza sakafu. Mnunuzi wa vyuma akajitia hamnazo, anasoma mizani yake.

Baba alikwenda mezani kwake. Alifungua droo, akatoa lile kopo la mdomo mrefu, akalifuta kwa ncha ya shati lake. Akarudi nalo akaliweka juu ya sinia, katikati ya uchafu wote, mikononi mwa wifi.

"Hili likae kwako," alisema. "Fundi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Wifi, ambaye wiki nzima hakutikisika, ndipo alipolikumbatia sinia kifuani na uchafu wake wote, kopo likagonga koili, na ikabidi nimshikie upande mmoja.

Mnunuzi wa vyuma hakupata mzigo. Alipata zamu ya kucheza, akashindwa vibaya, akaondoka na bamba la pasi mbovu. Mashine ya kutarizi ilipokuja tuliibana ukutani chini ya majora, haina shida. Na msidhani Baba aliificha habari ile. Anamsimulia kila mteja, anaanza kabla hajachukua vipimo: niliipenda mpaka nikaiua, mafuta yangu mwenyewe, halafu mkwe wangu akaifufua, nenda pale pembeni ukamwone, ni fundi. Kisha anarudi kwenye cherehani na mluzi wake unafuata kengele.

Mimi bado ni binti wa Fundi. Na nikitaka tone moja la mafuta kwa ajili ya cherehani yangu, mimi niliyezaliwa kati ya cherehani, nainuka, naenda mpaka chumba cha pembeni, nasimama mbele ya miguu iliyotokeza chini ya friji la mtu. Zamani ningesema, wifi, nipe kopo. Sasa nasema kama Baba anavyosema, kwa sauti ya kufika dukani ili wateja wasikie.

"Fundi, naomba mafuta."

Na ile miguu inatikisa vidole.